Kliniki ya mifupa kwa video baada ya kuvunjika: ilikonifaa na ilikonikera

Ntasema mapema ili asiye na muda asihangaike kusoma yote. Kliniki ya video kwa mtu aliyevunjika ni huduma nzuri sana kama eksirei imeshapigwa na daktari anayekupigia ameifungua mbele yake, na kama hiyo picha hana basi hapo mnajuliana hali tu, unaulizwa unaendeleaje, unajibu namshukuru Mungu, unaambiwa endelea hivohivo, simu inakatwa. Mi kuridhika kwangu kote kumetegemea hapo. Mambo ya mtandao kukwama na kamera kugoma yapo lakini hayo tumeshayazoea.

Nilivunjika kifundo cha mguu wa kulia. Mfupa mwembamba wa nje ulikatika na kifundo kikawa kimehama kidogo, ikabidi nipasuliwe niwekewe vyuma, yaani kile cha bapa na skrubu zake. Kuruhusiwa nyumbani nikapewa karatasi imeandikwa tarehe za kliniki, nyingine za kwenda mwenyewe nyingine za video. Sikuchagua, nilipangiwa, na hilo nalisema sababu kuna sehemu mgonjwa anaulizwa kabisa unataka uje au tukupigie, na nadhani hata tu kuulizwa kungeninyoosha moyo maana siku ya kwanza nilihisi kama wamenitupa.

Sasa faida yake kubwa ambayo mtu hajawahi kuvunjika mguu hawezi kuielewa. Wiki za mwanzo unaambiwa mguu uwe juu, juu ya usawa wa moyo kabisa, maana ukiushusha damu inashuka, unavimba, ngozi inakaza, kidonda kinauma. Afu hao hao waliokwambia uuinue wanakupangia kliniki ambayo utakaa kwenye kiti kigumu masaa mguu unaning'inia. Ukirudi nyumbani vidole vimevimba vimekaza utadhani vya mtu mwingine. Hapo sijasema magongo kwenye ngazi, sakafu iliyopigwa deki, kupanda gari na kushuka, na mtu wa kukusindikiza ambaye siku hiyo kazini kwake haendi. Yote hayo kwa maongezi ya dakika chache. Kwa hiyo ukimuuliza mgonjwa wa mguu kama ameridhika na video, hata daktari angekuwa hamnazo angesema ndio, maana amelala kitandani mguu uko juu ya mito miwili. Hili ntalirudia huko mbele kwenye zile nyota za kutathmini huduma.

Kliniki ya kwanza baada ya kupasuliwa nilienda mwenyewe na ilikuwa sahihi, nyuzi hazitolewi kwa video. Walifungua, wakasafisha, wakatoa nyuzi, nikavalishwa lile buti refu la plastiki la kufunga na mikanda. Kabla ya ile ya video nikatakiwa nikapige eksirei sehemu ya karibu. Nikaenda, nikapiga, nikarudi kulala.

Video yenyewe bwana. Linki ilikuja kwa meseji, unabonyeza inafunguka bila kupakua apu yoyote, hapo niwapongeze maana kuna huduma zinataka ufungue akaunti na paswedi yenye herufi kubwa na alama sijui ya nini wakati una mkono mmoja umeshika gongo. Akatokea dokta, mwanamke, ametulia, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba picha yako ninayo hapa, lakini kwanza nionyeshe mguu. Akanifanya nivue buti, niweke miguu yote miwili sambamba kitandani, mzima na mbovu, afu nigeuze kamera ya nyuma. "Sogeza simu chini kidogo kaka, hapo hapo. Sasa vuta vidole vije kwako. Sukuma viende mbele. Haya mguu mzima nao fanya hivohivo." Tofauti ilionekana pale pale, mzima ulikuja mpaka ukakunjika vizuri, ule mwingine ulifika nusu ukagoma kama bawaba yenye kutu. Akaniambia nibonyeze ukucha wa kidole gumba mpaka uwe mweupe halafu niachie ghafla, rangi ikarudi haraka, akasema safi, damu inafika. Akaniambia nishike vigimbi vyote viwili niseme kama upande mmoja una joto au umekaza au unauma nikibana, nikasema hapana, akaniuliza kuhusu pumzi, nikasema iko sawa. Hapo nilielewa kumbe anatafuta damu iliyoganda. Yaani vitu ambavyo angevifanya yeye kwa mikono yake alivifanya kwa mikono yangu, na kuna wakati alinyamaza tu anaangalia mi nahangaika kugusa sehemu aliyosema na pamba nione kama kuna ganzi.

Afu akashea skrini. Hiki ndo kitu ambacho sikukitegemea kabisa. Kliniki za kwenda mwenyewe eksirei unaonyeshwa kwa mbali, daktari anaiangalia yeye, anakwambia iko vizuri, unaondoka hujui hata ni mfupa wako au wa jirani. Hapa picha ilijaa simu yangu yote, akawa anazungushia kwa mausi, huu ndo mfupa mdogo, hapa ndo palipokatika, unaona mstari mweusi, sasa linganisha na picha ya siku ya upasuaji, umefifia. Nikamuuliza mbona sioni lile vimbe jeupe la mfupa mpya ambalo nimesoma sehemu kwamba ndo dalili ya kuunga, akacheka akasema wewe una chuma kimeshika mfupa haucheziki, lile vimbe kubwa tunalitegemea zaidi kwa aliyefungwa hogo, yaani plasta ngumu, kwako naangalia mstari ufifie na skrubu zisilegee. Akazikuza skrubu moja moja nikaziona. Nilikata simu najua hali ya mguu wangu kuliko nilivyowahi kujua tangu nianguke. Kama nyota zingekuwa kumi ningetoa kumi.

Iliyofuata sasa ndo ikaja kuniharibia. Saa ya miadi nikafungua linki, pakatokea maandishi daktari wako atajiunga muda si mrefu, na hayo maandishi nimeyasoma mpaka nimeyakariri. Simu ikapata moto, chaji inashuka, siwezi kuinuka kwenda kuleta chaja sababu nikitoka naogopa nitaitwa nisiwepo. Hicho ni kitu wahusika wangekirekebisha kirahisi tu, waweke namba ya foleni, mtu ajue mbele yake kuna wangapi. Akaja daktari mwingine kabisa, ana haraka, na swali lake la kwanza likawa "mguu upi ulivunjika?" Nikamwonyesha buti. Akasema picha ya leo haipo kwenye mfumo. Nikamwambia dokta nimepiga, ipo kwenye CD hapa mezani, maana nilipopigia si hospitali yao na mifumo yao haiongei. CD nikaiinua kwenye kamera, sijui nilitegemea aione vipi. Tukacheka wote wawili kidogo ila mi ndani nachemka.

Na hiyo siku ndo nilikuwa nimesubiri jibu la swali moja tu, nianze kukanyaga au bado. Hilo swali bila picha hawezi kulijibu na simlaumu kwa kutokulijibu, angejibu bila kuona ningemwogopa zaidi. Akasema tuendelee hivohivo usikanyage, tutapanga tena. Kwa hiyo nikakaa wiki nyingine juu ya magongo sababu ya CD. Mikono imeota sugu, kwapa linauma, na mguu unazidi kusinyaa maana usipotumika misuli inaisha haraka sana, kigimbi changu kilikuwa kimebaki ngozi.

Ile simu kukatika tu, meseji ikaingia: tafadhali tathmini huduma yetu. Nyota 1 mpaka 5. Sauti ilisikika vizuri? Picha ilionekana vizuri? Daktari alikuwa na heshima? Umeokoa muda wa safari? Ungependa kutumia tena huduma hii? Jamani. Sauti ilisikika vizuri sana. Picha ilikuwa safi. Daktari alikuwa na heshima, haraka anazo ila heshima anayo. Safari nimeokoa. Kwa hiyo kwa kufuata maswali yao ile kliniki ya hovyo ilitakiwa ipate nyota tano sawasawa na ile ya kwanza iliyonifundisha mguu wangu. Hakuna swali hata moja linalouliza umepata jibu la kilichokuleta. Hakuna swali je daktari alikuwa na picha yako. Hakuna je unajua unachoruhusiwa kufanya na mguu kuanzia leo mpaka kliniki ijayo. Nikaandika kwenye lile boksi la maoni chini, lilinikata herufi katikati ya sentensi, eti nimezidisha.

Ndo maana mi nikisoma kwamba wagonjwa wanaridhika na kliniki za video nauliza kwanza, wameridhika na nini? Kuna utafiti mmoja wa Norwei mzuri tu, ulifanywa na hospitali ya chuo kikuu iliyoko Tromsø, kaskazini kabisa ambako umbali ni balaa, wakachukua wagonjwa wa mifupa karibu 400 wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wamwone daktari ana kwa ana wengine kwa video. Kuridhika hakukutofautiana, na wengi wa waliopata video walisema kliniki ijayo wangetaka video tena. Watu wanaunukuu huo kusema unaona, video ni sawa tu. Lakini angalia ulivyofanyika, wale wa video hawakuwa wamelala kitandani na simu kama mimi, walikuwa wanaenda kwenye kituo cha afya cha karibu na kwao, mgonjwa anakaa na nesi aliyefundishwa kazi hiyo pembeni yake. Yaani palikuwa na mikono. Nesi anabonyeza daktari anaangalia. Hiyo ni huduma nyingine kabisa na kama ningepewa hiyo ningeichukua mbio, na nashangaa sehemu nyingi zimechukua ile video zikamwacha nesi.

Na nyingine inayochanganywa ni ile wanayoita kliniki pepe ya mivunjiko, iliyopata umaarufu kutoka hospitali ya Glasgow Royal Infirmary kuanzia 2011. Mle wala hamna video. Daktari bingwa anakaa na eksirei na maelezo ya waliofika emajensi, anaamua nani aitwe na nani asiitwe, halafu mgonjwa anapigiwa simu ya kawaida kuelezwa. Inafaa kwa vile vijeraha vinavyojulikana vitapona vyenyewe, mfano mtoto ambaye mfupa wa mkono umebonyea tu bila kukatika, huyo anavaa kishikio laini na kwa kawaida hata kliniki ya pili hahitaji. Tofauti hapa ni kwamba uamuzi unaanzia kwenye picha, mtu anapigiwa simu baada ya picha kuangaliwa. Kwa wengi wetu iligeuzwa, hasa baada ya korona 2020 ambapo kila mtu aliwashiwa kamera kwa dharura na ikabaki hivo hivo.

Nimtolee mfano mama yangu mdogo maana yeye ni kinyume changu kabisa. Alianguka akavunjika kifundo cha mkono, ile ya kawaida ya mtu mzima akidondokea kiganja, akafungwa hogo, na hogo likishatolewa akapangiwa video. Hakuipenda toka mwanzo mpaka mwisho. Mjukuu ndo kashika simu, mama anaongea na mjukuu badala ya daktari, afu anamuuliza yule daktari "mwanangu sasa wewe utanitibu vipi na hujanishika hata mkono?" Daktari wa watu akawa mvumilivu. Akamwambia mama kunja ngumi, ngumi haifungi, vidole vinaishia katikati. Gusisha kidole gumba na shina la kidole kidogo, hakifiki. Bana kiwiko mbavuni ugeuze kiganja kiangalie juu kama unapokea kitu, kinaishia pembeni. Afu, na hapa ndo nilimvulia kofia, akamwambia sasa inua mkono wote juu ya kichwa, mama akaishia usawa wa bega na kukunja uso. Kumbe muda wote wa hogo alikuwa kauning'iniza mkono kwenye kitambaa shingoni haushushi hata akilala, bega limekaza, na kilichovunjika ni kifundo cha mkono wala si bega. Akaambiwa kitambaa basi, bega lifanyiwe zoezi kila siku, vidole vikunjwe kila saa, na akapangiwa fiziotherapia haraka.

Hiyo ni kliniki bora pengine kuliko zangu zote. Ilikamata tatizo ambalo hata hakuwa amelilalamikia. Na fomu ilipokuja alimwambia mjukuu weka nyota mbili. Kwa nini mama? Hajanishika. Sasa nani atamwambia hajui, ni mwili wake, na kwa umri wake daktari ni mtu anayekushika. Mi nilitoa nyingi kwa kuridhika na kitanda changu, yeye katoa chache na ametibiwa vizuri, wakijumlisha hizo nyota zetu watapata namba ya katikati ambayo haielezi chochote.

Ila kwenye kushikwa mama mdogo ana pointi, na nilikuja kuiona kwangu. Kliniki za video nilikuwa naulizwa unaumwa wapi, najibu hapa nje kidogo nikitembea, naambiwa ni kawaida, kuna chuma. Kliniki ya kwenda mwenyewe, baada ya kuanza kukanyaga, daktari akanishika kisigino kwa mkono mmoja na kidole gumba cha mkono mwingine akakipitisha nyuma ya kile kifundo cha nje taratibu mpaka sehemu moja nikaruka kwenye kitanda. Akasema mfupa hauna shida, hapa kuna mishipa migumu inayopita nyuma ya kifundo na inasuguana, tutapunguza mazoezi ya aina fulani na tutaangalia kama chuma kinachangia. Kidole gumba, sekunde chache. Kamera isingelipata hilo hata ingekuwa na megapikseli ngapi. Kubonyeza kuona mfupa unauma wapi, kuyumbisha kiungo kuona kano za ndani zimeshika, kupima joto la ngozi kwa mgongo wa mkono, hivyo havipiti kwenye intaneti.

Kidonda nacho kwenye video ni cha kuwa makini. Video ikikwama inapunguza ubora wa picha yenyewe, rangi zinachanganyika, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi ule wekundu unaotajwa kwenye vipeperushi kila siku hauonekani vile, ngozi ikipata maambukizi inaweza tu kuwa nyeusi zaidi, inang'aa, imekaza, ina joto, na taa ya bulbu ya njano inaficha yote hayo. Nilichofanya mimi ni kupiga picha za kawaida dirishani mchana, moja ya karibu na moja ya mbali zikionyesha miguu yote miwili, nikazituma mapema. Dokta yule wa kwanza aliniambia zimemsaidia kuliko video yenyewe.

Fiziotherapia kwa video sasa, hapo sina la kusema, wapewe maua yao. Nilitegemea iwe mzaha kumbe ndo sehemu inayokaa vizuri zaidi kwenye skrini. Mtaalamu anakuona chumbani kwako na kiti chako na ukuta wako. Zoezi la kupima kifundo, unasimama mbele ya ukuta, goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, afu unarudisha mguu nyuma kidogo kidogo mpaka linashindwa kugusa, unapima kwa rula kutoka kidole gumba mpaka ukutani. Mara ya kwanza goti langu liligusa ukuta kidole kikiwa kimeukaribia kabisa, sentimita zenyewe za aibu, na mguu mzima ulikuwa mbali huko. Kila kliniki tunapima tena, namba inaandikwa, hamna cha kujidanganya. Akihamia kwenye kusimama kwa mguu mmoja na kunyanyua kisigino anasema simu iweke sakafuni pembeni, anaangalia kisigino kinavyopanda, anasema unajiinamia mbele unaibia, rudia. Na alishaona zulia langu dogo lile la mlangoni akaniambia liondoe leo kabla hujalikanyagia ukaanguka tena, kitu ambacho wa hospitalini asingekiona maisha yake yote.

Tahadhari ambayo naandika kwa herufi za kawaida ila ichukuliwe kwa uzito. Kuna mambo hayasubiri video wala hayatatuliwi na video. Hogo likibana na maumivu yakawa makali kupita kiasi, dawa hazigusi, ukinyoosha vidole unapiga kelele, vidole vinakufa ganzi au vinabadilika rangi au vinakuwa vya baridi, hiyo ni emajensi saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Kigimbi kikivimba upande mmoja na kuuma, au pumzi ikakata ghafla au kifua kikachoma, nenda. Kidonda kikitoa usaha au harufu, homa juu, nenda. Na ukiwa umeangukia kiganja, umeambiwa eksirei haina kitu lakini unauma pale kwenye kishimo chini ya kidole gumba, usikubali kufungiwa faili kwa simu, kuna kimfupa kidogo pale ambacho kikivunjika mara nyingine hakionekani picha ya kwanza, inabidi kupima tena baada ya siku 10 mpaka 14 hivi au kipimo kikubwa zaidi, na damu yake inaingia kwa shida kwa hiyo kikiachwa kinaweza kufa sehemu. Hapo dai kushikwa.

Kwa anayeenda kupangiwa, mimi ningemwambia hivi, siku mbili tatu kabla piga simu hospitali uliza je picha yangu mnaiona kwenye mfumo wenu, usiulize kama nimepiga, uliza kama MNAIONA, na kama hawaioni waulize uitume vipi au uipeleke kwa nani, au la omba kliniki isogezwe maana bila picha hamtaamua kitu. Andika maswali yako kwenye karatasi si kwenye simu hiyo hiyo utakayoongelea. Vaa bukta au suruali inayopanda. Chaja karibu, bando la kutosha, simu isimame kwenye kitu sio mkononi, na kama kuna mtu wa kukushikia awe anasikia vizuri na hana haraka. Kama kuna jambo la siri unataka kuuliza, mfano dawa za maumivu unazozidisha au tendo la ndoa na hilo hogo, hakikisha umebaki peke yako na muulize daktari naye yuko na nani, nilishawahi kusikia mtu anakohoa upande wa pili na si daktari. Kabla ya kukata mwambie nirudie maagizo, ukayarudie kwa sauti: nikanyage kiasi gani, buti nivue lini, dawa ipi niache, dalili gani nikiona nije.

Kinachonikera mpaka leo ni makaratasi. Ana kwa ana unatoka na karatasi ina mhuri. Kwa video daktari anakwambia unaruhusiwa kurudi kazini kazi nyepesi, kusimama kwa muda mfupi, kubeba vizito bado, afu anasema barua itakuja kwa imeili, na bosi wangu maneno ya daktari wa kwenye simu hayatambui. Barua ilichelewa, ikaja imeandikwa mguu wa kushoto. Nikapiga simu, nikaambiwa nitume ombi la marekebisho kupitia ile ile linki ya tathmini, ambayo nimeshaijaza kwa hiyo haifunguki tena. Kuendesha gari nako niliuliza, kwa kuwa ni mguu wa breki, akasema hilo hatuliamui kwenye skrini, uje tuone unavyokandamiza kwa nguvu ghafla, na kwenye hilo nilimwelewa kabisa. Kliniki ni ya kwenda mwenyewe, nimeiomba mimi, na barua ya mguu wa kushoto naenda nayo mkononi.